Ioni Hii Imetoka Hewani au Imezaliwa Kwenye Sindano?

Umeshusha vichujio kutoka juu ya paa, umeviloweka, umekausha kilichotoka na kukiyeyusha upya. Sasa skrini inakuonyesha vilele zaidi ya elfu moja, na programu imeshavipa fomula. Kabla hujafurahia hata kimoja, jiulize: je, hiki kilikuwepo hewani, au kimetengenezwa njiani, kati ya chupa na mlango wa mashine? Mwongozo huu unakusaidia kujibu swali hilo, dalili kwa dalili. Nimewafikiria hasa wanaochambua erosoli, yaani chembe ndogo zinazoelea hewani, kwa spektrometa ya masi, mashine inayopima m/z, yaani masi ya ioni kwa chaji yake, yenye elektrosprei upande wa ioni hasi. Huko ndiko asidi zinazotokana na misitu, salfeti za kikaboni na mazao ya moshi wa kuni na mkaa huonekana vizuri.

Elektrosprei, njia iliyompatia John Fenn sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2002, inaeleweka kirahisi. Kimiminika hupitishwa kwenye sindano nyembamba iliyotiwa umeme wa kilovolti 3 hivi. Umeme unakivuta kiwe na umbo la pia, na kwenye ncha ya pia hiyo vinachomoka vitone vilivyobeba chaji. Gesi ya moto inavikausha, chaji zinasongamana mpaka zinasukumana na tone kupasuka, tena na tena, hadi ioni zinabaki peke yake na kuvutwa ndani. Sehemu inayotuhusu ni hiyo ya kukauka. Tone linapopungua, kila kilichomo kinasongamana, na molekuli ambazo chupani zilikuwa mbalimbali zinajikuta zimebanana. Zinagusana, zinashikana, zinanyang'anyana chaji. Sehemu kubwa ya matatizo ya hapa chini chanzo chake ni huko.

Kwa hiyo kuna kipimo kimoja nitakachokirudia: zimua sampuli mara 10, uipime tena. Mikrolita 100 za sampuli, mikrolita 900 za kiyeyusho kilekile. Kilele cha kweli kisichosumbuliwa na kitu hushuka karibu mara 10. Kinachoshuka mara 3 tu, au kisichoshuka kabisa, kilikuwa kinakandamizwa na jirani zake. Kinachoshuka mara 30, 50, hata kukaribia 100, ni muungano wa vitu viwili vilivyokutana ndani ya tone, kwa sababu muungano hutegemea wingi wa kila mmoja kati ya hao wawili. Kipimo chenyewe huchukua robo saa, nami sijaona kingine cha bei hiyo chenye faida kubwa zaidi.

Mnyunyizo hautulii, ishara inapanda na kushuka

Anza na vya mkononi: mapovu kwenye mrija, kiungo kinachovuja, sindano iliyoziba. Kisha angalia ncha kwa kamera au kwa kioo cha kukuzia. Ukiona tone linaning'inia, linanenepa, linadondoka, kisha lingine linaanza, ujue kimiminika hakinyunyiziki. Mara nyingi sababu ni maji mengi mno. Ngozi ya maji ni ngumu kuvutwa: mvutano wake wa uso ni kama milinewtoni 72 kwa mita, wakati wa methanoli haufiki 23. Dondoo la kichujio lililoyeyushwa kwenye maji matupu litakusumbua kila siku. Ongeza asetonitrili, au asilimia 10 hadi 20 ya isopropanoli, na utaona ile pia ya kimiminika ikisimama yenyewe bila kupandisha volti.

Kama kuna ukoko mweupe kuzunguka mlango wa mashine, hiyo ni chumvi ya sampuli zilizotangulia. Zima umeme mkubwa, subiri ipoe, safisha kwa maji kwanza ndipo methanoli. Ukianza na methanoli, chumvi inaganda zaidi.

m/z 60 na 62 zimejaa, na kila kitu kingine kimefifia

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko nyingine, kwa sababu inadanganya kwa lugha ya angahewa yenyewe. Upande hasi, elektroni hutoka kirahisi kwenye ncha ya sindano. Volti ikizidi kidogo, umeme unaanza kuvuja hewani, na huo ndio unaoitwa umeme wa korona. Naitrojeni, oksijeni na dioksidi ya kaboni zilizo pale zinachakatwa kama kwenye radi ndogo, zinatoka ioni za m/z 59.9853, ambayo ni CO₃⁻, na 61.9884, ambayo ni naitreti. Mtu anayetafuta naitreti kwenye hewa ya mjini anaiona naitreti, anaridhika, kumbe ameitengeneza mwenyewe.

Kuhakikisha: zima taa za chumba, kaa dakika mbili macho yazoee giza, kisha tazama ncha ya sindano kupitia kidirisha. Umeme wa korona ukiwepo utaona nyota ndogo ya samawati inayotetemeka palepale nchani. Mara ya kwanza kuiona nilikuwa nimeshapima sampuli za siku nzima. Ilikuwa ndogo kuliko punje ya mchele, na siku hiyo nzima ilibidi irudiwe. Ishara nyingine ni mkondo wa sindano: mnyunyizo mzuri hula sehemu ndogo tu ya mikroampia, na korona inapoanza mkondo huruka ghafla mara kadhaa.

Dawa ni kushusha volti kwa hatua za kilovolti 0.2 huku ukiangalia mkondo, si ukubwa wa kilele. Upande hasi mara nyingi utaishia chini ya volti ulizozoea upande chanya. Punguza maji kwenye kiyeyusho. Badilisha sindano iliyolika. Wapo wanaopitisha gesi inayomeza elektroni kando ya sindano, ama oksijeni ama heksafloraidi ya salfa. Hiyo ya pili inafanya kazi vizuri, lakini kilo yake moja hupasha joto dunia zaidi ya mara 20,000 kuliko kilo ya dioksidi ya kaboni kwa kipindi cha miaka 100, na sisi tunaosoma hewa hatuna sababu ya kuimwaga. Oksijeni nayo usiiguse bila ruhusa ya waliotengeneza mashine, kwa maana mvuke wa methanoli na asetonitrili unawaka.

Madhara yake hayaishii kwenye m/z 62. Naitreti hiyo hushikamana na molekuli zenye vikundi vingi vya OH. Chukua levoglukosani, sukari inayotokana na selulosi ya kuni ikiungua, alama kuu ya moshi wa majiko yetu. Ioni yake hasi iko kwenye m/z 161.0455. Ikishikana na naitreti inaonekana kwenye 224.0412, na programu itakuandikia fomula C₆H₁₁NO₈, kana kwamba umegundua kiwanja kipya chenye naitrojeni. Ivunje kwa nguvu ndogo kabisa ya mgongano: ikibaki m/z 62, au 161, na hakuna kingine, hiyo ni sukari iliyokumbatiwa na naitreti, basi. Kisha zimua mara 10. Lakini kumbuka kwamba naitreti ya korona haipungui kwa kuzimuliwa, kwa kuwa haitoki chupani, hivyo hapa kilele kinaweza kushuka mara 10 tu na kukulaghai. Ndiyo maana korona inaondolewa kwanza, kabla ya kipimo kingine chochote.

Sampuli ya kulinganishia inang'aa, sampuli ya kichujio iko kimya

Asidi ya pinoniki uliyoinunua, moja ya zile asidi za misitu, iliyoyeyushwa kwenye kiyeyusho safi, inatoa kilele kirefu kwenye 183.1027. Weka kiasi kilekile kwenye dondoo la kichujio, kinabaki robo. Mashine haijaharibika. Tone lina nafasi chache za chaji juu ya ngozi yake, na kichujio kimeleta umati wa wanaozigombania: salfeti ya amoniamu, naitreti, na kama paa lako liko karibu na bahari, chumvi ya bahari pia. Mkusanyiko wa jumla ukipita takriban 10⁻⁵ mola kwa lita, ioni zinaacha kuongezeka kwa uwiano na kuanza kunyang'anyana.

Pitisha asidi ya pinoniki kwa mfululizo kwenye kiungo cha baada ya kolamu, yaani mrija unaotenganisha viwanja ili kila kimoja kitoke kwa dakika yake, huku ukiingiza dondoo la kichujio kama kawaida. Mstari wa 183.1027 unatakiwa kunyooka. Pale unapozama kama shimo, ndipo chumvi zinapotoka. Kwenye kolamu ya C18, inayoshika viwanja visivyopenda maji, shimo kubwa huwa dakika za mwanzo kabisa, kwa hiyo wengi huelekeza dakika hizo kwenye chupa ya taka. Ushauri huo ni mzuri kwa asidi za misitu na ni hasara kwa salfeti za kikaboni ndogo. Ile ya isoprini, gesi inayotolewa na majani ya miti, yenye m/z 215.0231 na ile ya asidi ya glikoliki yenye 154.9656 hazishikwi na C18. Zinatoka pamoja na chumvi, na wewe unazimwaga ukidhani unamwaga uchafu. Kama hizo ndizo unazozitafuta, hamia kwenye kolamu ya HILIC, ambayo huzishikilia na kuzitenganisha na salfeti ya kawaida.

Kwa namba za kuchapishwa, tumia kiwanja cha kulinganishia chenye isotopu nzito kinachotoka dakika ileile na kiwanja chako, au ongeza kiwanja chenyewe kwenye dondoo kwa viwango kadhaa. Mstari wa viwango uliotengenezwa kwenye kiyeyusho safi usiutumie kwa kichujio. Na kama kuna asidi ya trifloroasetiki popote kwenye mfumo, utaiona kwenye 112.9856. Inakandamiza upande hasi wote na inakaa kwenye mirija kwa wiki nyingi. Asidi ya fomiki ya asilimia 0.1 inatosha.

Vilele viko hata kwenye sampuli tupu

Hapa ugawe tatizo vipande. Unahitaji sampuli tupu tatu, si moja. Ya kwanza ni kiyeyusho peke yake. Ya pili ni kichujio kipya kilichopita hatua zote za maabara. Ya tatu ni kichujio kilichopandishwa hadi paani, kikawekwa kwenye kifaa, pampu isiwashwe, kikashushwa. Kilele kinapoanzia ndipo uchafu ulipoingilia. Vichujio vya kwatzi vichomwe kwenye nyuzi 550 za Selsiasi kwa saa kadhaa pamoja na karatasi ya alumini ya kuvifungia, kisha visiguse plastiki tena.

Wageni wa kudumu utawazoea. Asidi ya palmitiki kwenye 255.2330 na asidi ya steariki kwenye 283.2643 hutoka kwenye vidole, glavu na vyombo, lakini pia hutoka kweli kwenye moshi wa mafuta ya kupikia, kwa hiyo usizifute bila kulinganisha kiasi. Upande chanya kuna 391.2843 ya kilainisha plastiki, na ngazi za silikoni zinazopanda kwa 74.0188.

Kuna msululu mmoja nitausimulia. Vilele vinne vilivyojipanga kwa hatua za 14.0157: 297.1530, 311.1686, 325.1843 na 339.1999. Kila kimoja kilikuwa na salfa, kwa maana pembeni yake, juu kwa 1.9958, kulikuwa na kivuli cha isotopu ya salfa cha takriban asilimia 4.5, pale panapotakiwa. Tulikuwa tunatafuta salfeti za kikaboni zinazotokana na moshi wa magari, na hivi vilionekana kama jibu lenyewe. Tulishinda wiki mbili tukiviandikia. Kilichotuzindua ni kuhesabu oksijeni. Salfeti inahitaji angalau nne. Hivi vilikuwa na tatu. Tulipovivunja, badala ya 96.96 ya salfeti kikatoka kipande cha 183.0121, alama ya salfoneti ya benzini yenye mkia, yaani sabuni. Kijana wetu mwangalifu kuliko wote alikuwa akiosha vichupa kwa sabuni ya vyombo na kuvisuuza mara tano. Mara tano hazikutosha. Tangu hapo vichupa vyetu vinasuuzwa kwa maji safi na methanoli, kisha vinachomwa, na sabuni haivukii mlango wa chumba cha dondoo.

Angalia pia 265.1479, dodesili salfeti. Hiyo ni sabuni yenye salfeti kamili, oksijeni nne, na itakupa 96.96 ukiivunja. Hapo hesabu haikuokoi. Sampuli tupu tu ndiyo itakayokuambia.

Vilele pacha vilivyoachana kwa 14.0157 au 32.0262

Hatua ya 14.0157 ni CH₂, na angahewa imejaa viwanja vinavyotofautiana kwa CH₂, kwa hiyo macho hupita bila kushtuka. Ila methanoli nayo hutenda kazi kwenye sampuli yako ikiwa imekaa chupani: huunda esta, yaani muungano wa asidi na alkoholi, ikikutana na asidi, na hujibandika kwenye kaboni zenye oksijeni ya vifungo viwili, ikiongeza 32.0262. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, walilionyesha hili wazi mwaka 2008 kwenye erosoli iliyotengenezwa maabara.

Asidi ya piniki, m/z 185.0819, ikipata methili moja inahamia 199.0976, fomula C₁₀H₁₆O₄. Asidi ya haidroksipinoniki, zao halali hewani la alfa-pinini, mvuke wa misonobari, ina fomula hiyohiyo hadi desimali ya mwisho, kwa hiyo hata mashine ya mamilioni haitazitofautisha kwa masi. Nenda kwa dondoo mbili: moja ya asetonitrili, moja ya methanoli, zote zipimwe siku hiyo. Kilichomo kwenye ya methanoli tu ni cha methanoli. Ukitaka ushahidi usiopingika, tumia methanoli yenye CD₃, na kilele cha uongo kitasogea kwa 3.0188. Usiache dondoo la methanoli kwenye trei usiku kucha, hasa likiwa na asidi ya salfa ya kichujio, kwani hiyo ndiyo inayochochea esta.

Dimeri kwenye 357 na 367

Hapa ndipo penye sayansi yenyewe, kwa hiyo tusiharakishe. Erosoli ya misitu ya misonobari ina dimeri za kweli, yaani molekuli mbili zilizofungwa kwa kifungo cha esta. Zina mvuke kidogo sana, ndiyo maana watu wanazihusisha na kuzaliwa kwa chembe mpya hewani. Mbili maarufu ni C₁₇H₂₆O₈ kwenye 357.1555 na C₁₉H₂₈O₇ kwenye 367.1762.

Sasa chukua asidi ya pinoniki ya kawaida. Kwenye tone linalokauka, mbili zinashikana kwa haidrojeni tu na kutoka zikiwa na chaji moja, kwenye 367.2126. Mashine inayosoma namba nzima itakuonyesha 367 kwa zote mbili. Tofauti ni 0.0364, na kuzitenganisha kunataka uwezo wa kutenganisha wa 10,000 hivi, ambao mashine nyingi za kisasa zinao. Kwa hiyo kosa hili linaepukika, nalo bado linafanyika, hasa pale sampuli inapopigwa moja kwa moja bila kolamu.

Tofauti iliyo imara zaidi ni ya muda. Dimeri iliyozaliwa kwenye mnyunyizo haina dakika yake. Inatoka palepale asidi mama inapotoka, inapanda nayo na kushuka nayo, kama kivuli. Dimeri ya kweli ina dakika yake kwenye kolamu, kwa kawaida baada ya asidi zote mbili zilizoiunda. Weka mistari miwili kwenye skrini moja, 183.1027 na 367.2126, uone zinavyofuatana. Kisha weka 357.1555 uone ilivyojitenga. Zimua mara 10: kivuli kinakaribia kupotea, esta inashuka kwa uwiano. Ongeza kidogo volti za mlangoni mwa mashine: kivuli kinavunjika mapema, esta inavumilia.

Salfeti ya kikaboni inayovunjika kirahisi mno

Ni mchezo uleule, safari hii mshikaji ni bisalfeti, HSO₄⁻, iliyo tele kwenye kichujio. Levoglukosani ikishikana nayo hutokea 259.0129, nayo itasomwa kama salfeti ya kikaboni yenye fomula C₆H₁₂O₉S. Ikivunjwa inatoa 96.9601, kama inavyotarajiwa, na mtu anaandika "imethibitishwa". Salfeti ya kweli huhitaji kusukumwa kidogo kabla ya kuachia 96.9601, na mara nyingi huambatana na 79.9574. Muungano wa tone huachia kwa mguso wa kwanza. Na kama mashine yako ni ya uwezo mdogo, hakikisha kwamba hiyo 96.96 si ya fosfeti, 96.9696, iliyotoka kwenye bafa, yaani mmumunyo wa kudhibiti asidi, ya mtu mwingine.

Vipimo vyote vimepita, na bado namba ni kubwa mno

Basi toka maabara, rudi paani. Kichujio kikifyonzwa kwa saa 24, dioksidi ya salfa ya hewani inapita juu ya chembe zilizokwisha kunaswa. Ikikuta peroksaidi za kikaboni pale inaweza kutengeneza salfeti za kikaboni palepale kwenye kichujio. Hizo ni za kweli kikemia. Zina dakika yake kwenye kolamu, zinashuka mara 10 zikizimuliwa, haziko kwenye sampuli tupu yoyote, na bado hazikuwepo hewani. Hakuna kitufe cha mashine kitakachoziondoa. Weka mrija wa kunasa gesi mbele ya kichujio kimoja, uache kingine bila mrija, uviendeshe sambamba siku zilezile, kisha uvipime vyote viwili kwa mpangilio mmoja. Tofauti kati yao ndiyo ya kuandika kwenye jedwali, pembeni ya kila namba.